Dobi Aliyetaka Kutenda Wema kwa Siri

Mlioniacha wiki iliyopita mliniacha nimekaa juu ya beseni lililopinduliwa, nikitazama fulana hamsini zenye picha yangu. Mke wangu alikuwa ameondoka siku hiyohiyo na mfuko mmoja wa safari.

Kwa aliyekosa gazeti: mimi ni dobi. Nilikuwa nakaribia kutimiza miaka hamsini, nikachapisha fulana hamsini za kujipongeza, kila moja ina uso wangu kifuani na maneno "Dobi wa Madobi". Mke wangu akaitazama ile picha, akaniuliza, "Na yangu lini?"

Mimi, kwa akili zangu zote, nikamjibu, "Yako nini?"

Alikuwa anauliza siku yake ya kuzaliwa. Miaka ishirini na miwili ya ndoa na sikuwahi kuiadhimisha hata mara moja. Akafungasha, akaenda kwa dada yake, mwendo wa saa nzima kwa basi. Mezani aliacha karatasi. Juu kabisa aliandika tarehe ya siku hiyo na kuipigia mistari miwili. Chini yake: "Siku utakayotenda jambo jema bila kulipigia tarumbeta, niite."

Wasomaji wawili waliniandikia kunihurumia. Wengine wote mlinitukana, na mlikuwa na haki.

Basi, wiki tatu nililala na ile karatasi kwenye mfuko wa shati. Mwishowe nikapata wazo. Siku yangu ya kuzaliwa singefanya sherehe. Hakuna keki, hakuna spika, hakuna fulana. Ningekwenda kwenye nyumba ya wazee, mitaa minne kutoka kwangu, niwafulie nguo zote bure, kimyakimya. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Lakini wazo likaja na mwiba wake. Wema nikiutenda kwa siri, mke wangu atausikiaje? Na nikimwambia mwenyewe, si ndiyo tarumbeta yenyewe?

Nilichotaka ni wema wa siri, ila siri hiyo imfikie mtu mmoja tu.

Hapo nikamkumbuka jirani yangu. Mtaa mzima tunamwita Redio. Ukimwambia jambo saa mbili asubuhi, saa tatu unalisikia kwa muuza mkaa, limeshatiwa chumvi na pilipili.

"Jirani," nikamwambia, "nina jambo. Lakini nakuomba, lisitoke hapa."

"Mimi tena, shemeji?" akasogeza kiti.

"Siku yangu ya kuzaliwa nakwenda kuwafulia wazee. Bure. Usimwambie mtu yeyote. Hasa mke wangu. Nasema tena, hasa mke wangu."

Redio akanitazama. Machozi yakamlengalenga.

"Shemeji," akasema, "unajua hakuna mtu aliyewahi kuniamini na siri? Hata mama yangu mzazi alikuwa akinong'ona nikiingia. Naapa, hii nakufa nayo."

Nilirudi kwangu nikipiga mluzi. Kesho yake nikasubiri simu ya mke wangu. Kimya. Keshokutwa, kimya. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwenye ukuta unaotutenganisha na Redio.

"Jirani, ile siri vipi?"

"Iko palepale," akagusa kifua. "Jana dada wa mkeo alinipigia simu, akaniuliza habari zako. Nikamwambia sijui lolote."

"Hukumwambia chochote? Hata kidogo?"

"Shemeji! Siri ni siri!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mwanamke yule kufunga mdomo, na aliufunga siku niliyouhitaji wazi.

Siku yenyewe ikafika. Sikuwa na njia nyingine ila kwenda. Nikabeba mabeseni, sabuni, pasi mbili na kikebe changu cha nyuzi.

Mkuu wa nyumba ile, Mama Mlezi, alinipokea getini. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye funguo nyingi kiunoni. "Siku ya kuzaliwa kwako unakuja kutufulia?" akaniuliza. "Mungu akuzidishie. Wazee wako thelathini na mmoja, na nguo zao zote ni za msaada wa watu. Aliyetuletea suruali alileta za kijivu tupu. Aliyetuletea mashati alileta meupe matupu, na magauni ya mabibi vilevile."

"Usijali, mama. Mimi sipotezi nguo ya mtu."

Na kweli sipotezi. Dobi ana njia yake. Kabla nguo haijagusa maji, naipiga mishono miwili ndani ya kola au kiuno, kwa uzi wa rangi ya mwenyewe, na naacha kipande kining'inie ili nikione upesi wakati wa kukunja. Wazee thelathini na mmoja ni wengi kuliko rangi zangu, kwa hiyo nikachanganya: Mwalimu mstaafu nyekundu na kijani, mzee jirani yake nyekundu na njano, hivyohivyo mpaka wa mwisho. Daftari sikuandika. Rangi zote zilikuwa kichwani mwangu.

Mzee mmoja tu ndiye aliyenipa taabu. Alikuwa dereva wa malori zamani, na bado wanamwita Dereva. Alivua kila kitu isipokuwa shati la buluu alilovaa.

"Hili sivui," akasema. "Nimepewa na binti yangu."

Nikamwacha nalo.

Nilifua tangu jua linachomoza. Nikaloweka, nikasugua, nikasuuza mara tatu, nikaanika. Saa nane mchana uwanja mzima ulikuwa mweupe na kijivu, na mimi mgongo umekuwa upinde. Wazee walikuwa wamekaa barazani wamejifunga mashuka, wakinitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilisahau hata kilichonileta.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu leo.

Bibi mmoja akasema, "Mwanangu, una moyo." Mwingine akasema, "Watu kama wewe hawapo tena." Kile kilemba cha ukoka kikanikaa kichwani, nikasahau kwamba nina pasi mkononi. Nikavuta kigoda katikati ya baraza, nikaanza kuwaeleza wazee jinsi ninavyochukia kujisifu.

Niliwaeleza kwa saa nzima.

Niliwaambia kuwa wengine huchapisha hata fulana. Niliwaambia kuwa mimi nikitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto haujui. Mwalimu alisinzia mara mbili. Nyuma yangu nilisikia mkasi ukilia, kiki, kiki, kiki, lakini nyani haoni kundule na mimi nilikuwa katikati ya sentensi.

Nilipogeuka, nguo zote zilikuwa zimeanuliwa na kukunjwa. Kando yake alikuwa amekaa bibi mwembamba mwenye miwani mizito, mkasi mdogo mkononi. Wenzake humwita Bibi Mkasi. Alikuwa fundi cherehani miaka arobaini.

"Nimekusaidia, mwanangu," akasema kwa furaha. "Nimekunja zote. Na kulikuwa na vijinyuzi vinaning'inia kila nguo, sijui fundi gani aliyeshona ovyo namna ile. Nimevikata vyote."

"Vyote?"

"Hata kimoja hakikubaki," akanionyesha mapajani. Nyuzi zangu zote zilikuwa pale, rangi zote, rundo dogo kama kiota cha ndege.

Suruali za kijivu hamsini na kitu. Mashati meupe hamsini na kitu. Kola zote safi, hazina alama, hazina mwenyewe.

Nikajaribu kugawa kwa kukisia. Ndipo baraza likageuka soko.

"Hii suruali si yangu, inaniishia magotini!"

"Na mimi yangu inaingia watu wawili!"

"Wewe umevaa shati langu! Vua!"

"Vua wewe kwanza!"

Wazee wawili wenye umri wa miaka mia moja na sitini kwa pamoja walikuwa wameshika mikono ya shati moja, kila mmoja anavuta upande wake. Mimi nikicheka ndani kwa ndani, nikidhani ni mchezo, mpaka nikamwona Mwalimu. Alikuwa amesimama pembeni, shuka limemzunguka, hajagusa nguo hata moja.

"Mwalimu, chukua yoyote kwanza," nikamwambia. "Zote ni safi, na zote zinafanana."

"Mwanangu," akasema taratibu, "kitanda ninacholalia ni cha nyumba. Sahani ni ya nyumba. Hata hili shuka ni la nyumba. Humu ndani changu mimi ni suruali mbili na mashati mawili. Usiniambie zinafanana."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaanza kuhangaika, nikipekua kola moja baada ya nyingine nikitafuta japo tundu la sindano. Katika kuhangaika nikamgonga Dereva, na kola ya shati lake la buluu ikapinduka. Ndani yake kulikuwa na mishono miwili ya uzi mweupe.

Uzi mweupe ni wa nguo zangu mimi mwenyewe. Na shati lile nililijua. Lilinipotea miaka miwili iliyopita, nikamsingizia shemeji yangu mbele ya wakwe, hadi leo hatusalimiani vizuri.

"Mzee, hili shati umelipata wapi?"

"Si nimekwambia? Kwa binti yangu. Si wa kumzaa, lakini wa kumzaa hawaji."

Mama Mlezi akanishika bega. "Usihangaike, baba. Nimeshampigia simu huyo binti anayemsema, tangu nilipomwona Bibi Mkasi akimalizia nyuzi za mwisho nawe ungali unahutubia. Yeye anazijua nguo hizi zote hata gizani. Huja kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, anawafulia wazee wote peke yake. Mwaka huu umekuwa wa kumi na moja. Hataki atajwe jina, hataki picha."

"Siku ya kuzaliwa kwake?" nikauliza.

"Ndiyo. Anasema nyumbani kwake siku hiyo haina shughuli. Mume wake naye ni dobi. Mtu mwema sana, anasema, ila ana mambo mengi kichwani." Akaitazama mikono yangu iliyokunjamana kwa maji. "Labda unamfahamu?"

"Namsikiasikia," nikasema.

Miaka kumi na mmoja. Kila mwaka kulikuwa na siku moja ambayo mke wangu aliniaga anakwenda kwa dada yake, akarudi jioni mikono imekunjamana, nami nikamuuliza chakula kiko wapi. Dobi mzima nisiutambue mkono uliotoka majini! Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema wahenga, nami nilikuwa nimejila mwenyewe.

Hazikupita dakika kumi akaingia getini. Kwa dada yake ni mwendo wa saa nzima, lakini wakati ule sikuliwaza hilo. Likumbukeni nyinyi. Begani alikuwa na ule mfuko wa safari alioondoka nao.

Aliniona. Hakushtuka, hakunisalimu. Aliweka mfuko kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya rundo la nguo.

"Hii ya Mwalimu," akasema. "Mfuko wa kifuani umelegea kwa kalamu. Hii ya Dereva, kiwiko cha kulia kimepauka, bado anaegemea dirisha kama yuko safarini. Gauni hili pindo limerudiwa mara mbili. La Bibi Mkasi, hawezi kuacha pindo la fundi mwingine."

Mwalimu alipopewa suruali yake aliipapasa kiunoni, akaikumbatia. Nilitazama pembeni.

Nusu saa baadaye kila mzee alikuwa na rundo lake. Mke wangu akasimama, akapangusa magoti, ndipo akanigeukia.

"Hongera kwa kutimiza hamsini."

"Mama watoto, naomba unisikilize. Leo nimekuja kwa siri, sikumwambia mtu..."

"Nimekusikia ukiwa umefika sura ya tatu ya hotuba," akasema. "Mama Mlezi alipopiga simu alikuacha ukiongea hukohuko nyuma."

Wazee wakacheka.

"Nina swali moja tu," akaendelea. "Siku yangu ya kuzaliwa ni tarehe ngapi?"

Hata wale wawili waliokuwa wamegombea shati waliacha kukunja nguo zao.

Nyuma ya mke wangu, Dereva akainua mikono yote miwili, vidole kumi, kisha viwili. Kumi na mbili! Moyo ukanirudi. Lakini kando yake Bibi Mkasi akatikisa kichwa kwa hasira, akaonyesha vidole kumi, kisha vinne. Dereva akamkunjia uso, akarudia viwili. Bibi Mkasi akamsogezea vinne mpaka puani.

"Na nyinyi mlioko nyuma yangu," mke wangu akasema bila kugeuka, "teremsheni mikono."

Mikono ikashuka.

Wasomaji, mimi ni mtu wa maneno. Ningeweza kubahatisha. Ningeweza kujifanya nimezidiwa na furaha, nikaanguka. Lakini nilimtazama yule mwanamke aliyenisemea wema kwa watu mimi nikiwa sistahili, nikaona aibu.

"Sijui," nikasema. "Sijui, mke wangu."

"Afadhali leo hukudanganya," akasema. Kisha: "Ile karatasi niliyokuachia, bado unayo?"

"Ninayo! Natembea nayo kila siku." Nikapiga mfuko wa shati langu.

"Unatembea nayo," akarudia polepole, akitikisa kichwa. "Basi mimi naenda. Na usinifuate mpaka kila nguo hapa irudishiwe uzi wake."

Akatoka getini. Nikasimama kama nguo iliyosahauliwa kambani, hadi Bibi Mkasi aliponivuta mkono.

"Unangoja nini? Nguo zaidi ya mia, na jua linashuka. Leteni sindano!"

Sijawahi kuona kitu kama kile. Mabibi saba walishona. Dereva na wenzake walitunga nyuzi kwenye sindano, mtu mmoja akishika sindano, mwingine uzi, wa tatu akitukana. Mwalimu aliandika rangi za kila mtu kwenye daftari, kwa mwandiko safi, ili kichwa changu kisiaminiwe tena.

"Bibi," nikamwuliza fundi yule nikiwa na uzi mdomoni, "hivi ni kumi na nne kweli?"

"Ah! Mimi nilikosea, na yule mzee alikosea," akasema bila kuinua macho. "Mwalimu ndiye anayeweka kumbukumbu."

Mwalimu akafunua kurasa za nyuma. "Kumi na tatu ya mwezi uliopita. Nimeandika hapa: alikuja mchana na mfuko wa safari, akafua, akalia kidogo pale kwenye bomba, akaondoka na basi la jioni."

Nikatoa ile karatasi mfukoni. Juu kabisa, chini yake mistari miwili: tarehe kumi na tatu.

Siku ya fulana. Aliponiuliza "Na yangu lini?", ilikuwa siku yake yenyewe. Alikuwa amesimama mbele yangu siku ileile, na jibu aliniandikia kabisa, nikalilalia wiki tatu.

Nililia mbele ya wazee thelathini na mmoja, na hakuna aliyenicheka. Mwalimu alinipa shuka nipanguse uso.

"La nyumba hilo," akasema. "Futa tu."

Uzi wa mwisho ulipofungwa, jua lilikuwa limefika kwenye ukuta. Niliaga, nikageuka kuchukua mabeseni, na pale kwenye benchi nikauona mfuko wa safari. Alikuwa ameuacha.

Nikaunyanyua. Ukapaa wenyewe mkononi, haukuwa na uzito. Nikafungua zipu. Mtupu.

Hapo ndipo nilipozikumbuka zile dakika kumi. Hakutoka kwa dada yake. Simu ilimkuta hapa karibu, ilimkuta nyumbani kwetu. Na mtu anayekwenda nyumbani kwake na mfuko, kisha mfuko uwe mtupu, ana sababu mojawapo kati ya mbili. Ama alikuwa amekwisha kuzirudisha nguo zake kabatini. Ama alikuja na mfuko mtupu kuchukua zilizobaki, simu ikamkatiza.

Nilikimbia mitaa minne kwa miguu ya mtu wa miaka hamsini. Redio alikuwa mlangoni kwake, macho yanang'aa, mdomo umebanwa.

"Jirani! Mke wangu amepita hapa?"

"Amepita mara mbili."

"Alikuwa anaingiza nguo au anatoa?"

Redio akafumba macho. Nilimwona anavyoteseka, mishipa ya shingo ilimsimama.

"Shemeji, ameniambia ni siri," akasema. "Na wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikaingia. Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Sebuleni hakuna mtu, jikoni kimya. Chumbani, kabati letu lina milango miwili, wa kushoto wangu, wa kulia wake. Wa kulia ulikuwa umefungwa.

Miaka thelathini nashika nguo za watu, sijawahi kuogopa kabati. Nikauweka ule mfuko kitandani. Nikafuta mkono kwenye suruali kana kwamba bado una povu, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Tarehe kumi na tatu."

Nyuma ya mlango wa chumba, mtu akavuta pumzi, pumzi niliyoizoea kwa miaka ishirini na miwili.